Ng'ombe Aliyetaka Kuketi

Baba yangu hakuwa mtu wa kucheka. Alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye sinema ya kutembea, na uso wake aliuvaa kama sare: umepigwa pasi asubuhi, hauna kunyanzi hadi jioni. Watu wa Lodwar walimwita Bwana Sinema, na walipomsalimu kwa Kiturkana, "Ejok", aliwajibu "Ejok noi" kwa heshima zote, bila jino hata moja kuonekana. Lakini kulikuwa na katuni moja ya zamani, ya dakika saba, isiyo na rangi wala sauti, ambayo ilikuwa na mahali pa kumchekesha. Mahali pamoja tu. Filamu ikifika pale, baba alicheka, na mimi niliyekaa naye peke yetu miaka miwili nilikuwa naishi kwa ajili ya kicheko hicho. Sasa nimezeeka na bado nakitamani. Aliyekipoteza ni mimi, si mtu mwingine.

Tulitoka milimani, magharibi, ambako mama alibaki na wadogo zangu, shamba la mahindi na ng'ombe wawili wa maziwa. Siku hizo, miaka ya sabini ikianza, wafanyakazi wenzake baba walisema kupelekwa Turkana ni adhabu, na yeye hakuwahi kutuambia kosa lake lilikuwa nini, kama lilikuwapo. Mimi nilichukuliwa kwa sababu ya kifua. Baridi ya kwetu ilinibana pumzi, na daktari wa misheni akasema mtoto huyu anahitaji joto kavu. Basi joto kavu nikalipata. Kama angesema mtoto anahitaji mchanga kwenye uji, hilo nalo ningelipata, maana upepo wa Lodwar ulituletea kila asubuhi bila kuagizwa.

Nyumba yetu ilikuwa ya serikali, ya mabati, karibu na mto Turkwel. Baba alipika mwenyewe, akafua mwenyewe, akanisuka nywele vibaya mwenyewe. Aliniita "mama", kama wababa wa kwetu wanavyowaita binti zao, lakini tulizungumza machache. Alinifundisha kazi kuliko alivyonizungumzisha. Nikiwa darasa la tano nilijua kumimina mafuta kwenye jenereta, kupitisha filamu kwenye meno ya projekta, na kuunganisha filamu iliyokatika: unakata pande zote mbili kwa mkasi mpaka zinyooke, unakwangua, unapaka gundi, unabana, unahesabu polepole hadi ishirini.

Likizo zikifika tulipakia Landrova tukaenda. Kainuk, Kalokol, Longech kwa wavuvi, na Kakuma, ambapo baba alipapenda ingawa hakusema. Kakuma ya siku zile ilikuwa maduka machache, misheni, kituo cha polisi na mto Tarach uliokuwa na maji wakati wa mvua tu. Tulifunga kitambaa cheupe kwenye nguzo mbili, tukakaza pembe kwa mawe, tukangoja giza. Kwanza zilikuja habari za serikali. Kisha filamu ya kuchemsha maji ya kunywa. Kisha ya macho, inayofundisha kuosha watoto uso ili nzi wasiwaletee upofu. Katuni ilikuwa ya mwisho kabisa, na hapo ndipo ulipokuwa ujanja wa baba. Watu walivumilia maji yachemke kwa sababu walijua ng'ombe anakuja.

Hiyo katuni haikuwa kwenye orodha ya ofisi. Ilitufikia kwa makosa ndani ya boksi la filamu ya magonjwa ya mifugo, na hakuna aliyeiulizia. Ilikuwa na ng'ombe dume mwenye pembe pana na miguu laini kama kamba, na kigoda cha miguu mitatu cha msichana anayekamua maziwa. Msichana anaondoka na ndoo yake. Ng'ombe anakiangalia kigoda. Anataka kuketi. Basi, hiyo ndiyo hadithi yote. Akikikaribia, kigoda kinanyanyuka na kukimbia kwa miguu yake mitatu. Wanazunguka ghala, wanapanda juu ya paa, wanapita ndani ya bomba na kutokea upande wa pili wakiwa wembamba. Jua linapiga miayo. Ua linafumba macho lisione. Mwishoni ng'ombe anajifanya amesahau, anakula majani, anakipa kigoda mgongo. Anageuza kichwa, anatutazama sisi watazamaji, macho kwa macho, kama mtu anayewaambia "nyamazeni". Kisha anaanza kushusha makalio, polepole, polepole, anaketi. Kigoda kinakata tamaa, kinaondoka naye.

Pale, wakati makalio yanapogusa, baba alicheka. Kicheko chake kilianza puani kama mtu anayetaka kupiga chafya, kikashuka kifuani, kikamtikisa mabega. Mkono mmoja ulikuwa lazima ubaki kwenye mashine, basi alicheka amesimama, ameinama kidogo. Nilijifunza kutoangalia kitambaa. Nilimwangalia yeye.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anacheka kitu alichokiona mara mia. Alifikiri kama mtu aliyeulizwa swali la mtihani. "Kuketi hakuchekeshi," akasema. "Kinachochekesha ni vile anatuangalia kwanza." Maneno hayo niliyaweka moyoni, na ndiyo yaliyoniponza.

Waturkana walikuwa na sababu zao za kuipenda. Kila mwanamume kule anatembea na kigoda chake kidogo cha mbao, anachokalia mchana na kulalia kichwa usiku, na hakiazimi ovyo. Ng'ombe anayetamani kigoda cha mwenye mali! Walipiga makofi mapajani. Filamu nayo ilikuwa imechakaa, imejaa mikwaruzo myeupe iliyoshuka juu hadi chini bila kukoma, na wanawake walisema kwa wivu kwamba nchi ile mvua haiishi. Walijua vizuri ni mikwaruzo. Baba aliwaeleza mara ya kwanza, wakamwambia wanajua, wakaendelea kuionea wivu.

Kulikuwa na mfugaji mmoja wa Lopur, mwanamume wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, aliyekuja Kakuma kwa miguu kila akisikia tumefika. Kule kwao mwanamume huwa na dume lake analolipenda, ambalo hulitungia wimbo na kulichezea ngoma, mikono ameinua juu kuonyesha pembe zilivyo. La kwake lilimfia kwenye ukame. Alisema pembe za dume letu ni zilezile, upana uleule, na tangu aione katuni wimbo wake aliuhamishia kwenye kitambaa. Akitokea ng'ombe, naye anaimba. Hakuna aliyemnyamazisha.

Filamu kuukuu hukatika, na kila ikikatika unapoteza picha mbili tatu za pembeni. Vipande hivyo baba angevitupa, lakini nilimwomba, na huo ukawa mwanzo wa ugonjwa. Ukishika kipande kwenye mwanga unaona ng'ombe mdogo kuliko kucha, na chini yake ng'ombe mwingine, na mwingine, kila mmoja amesogea kiasi cha unywele. Nilivikusanya kwenye kopo la majani ya chai. Wasichana wa darasa langu wakaanza nao, tukawa tunabadilishana: ng'ombe mwenye pembe zote mbili kwa majani matatu na jua moja. Mwanamke mmoja wa Kakuma alimwomba baba kipande, akakitoboa, akakiunga katikati ya shanga za shingoni, na jua likimpiga unaona kigoda kidogo kwenye ngozi yake kama kivuli cha mdudu. Mfugaji wa Lopur alipata kipande chenye pembe moja tu, filamu ilikuwa imekatika vibaya, lakini alikitunza kwenye kikopo chake cha tumbaku.

Kila kipande changu kilikuwa na mahali pake. Hiki kilikatika Kainuk jenereta ilipozidisha nguvu. Hiki ni cha Longech, samaki walipokuwa wananuka hata baba akafunga pua kwa leso. Nilikuwa na vipande vya katuni nzima, isipokuwa pale. Pale hapakukatika hata siku moja. Nadhani baba alipashika kwa mikono laini zaidi.

Kisha nikafaulu mtihani. Barua ikaja kwamba nimepata nafasi shule ya bweni upande wa Kitale, naanza Januari. Kifua kilikuwa kimepona, watu wakampa baba pongezi, akasema "asante" kwa uso wake wa pasi. Mimi nililia nyuma ya nyumba. Kwenda kusoma nilitaka. Nilichoogopa ni kwamba huko bwenini nitasahau kicheko kilivyoanza, kama ni puani kwanza au kifuani. Mtoto wa miaka kumi na miwili ana hesabu zake. Kicheko cha baba kilitoka pale kwenye filamu; basi nikiwa na pale, ninacho kicheko.

Ilikuwa mchana wa Desemba, baba amekwenda kwenye kikao cha kanisa. Niliifungua filamu mezani nikaitafuta kwa mwanga wa dirisha mpaka nikampata ng'ombe anageuza kichwa. Nikakata. Nilichukua toka anapotuangalia, urefu wa dhiraa moja. Kisha nikanyoosha pande zote mbili kwa mkasi, picha chache zikaanguka sakafuni, nikakwangua, nikapaka gundi, nikabana, nikahesabu hadi ishirini kama nilivyofundishwa. Ilikuwa kazi safi, safi kuliko zote nilizowahi kufanya, na Mungu anisamehe, nilijivuna. Kipande nikakishona ndani ya upindo wa gauni langu. Niliwaza, katika dakika saba, nani ataona kitu kidogo kama hicho?

Wiki iliyofuata tukaenda Kakuma, safari yangu ya mwisho na baba. Maji yakachemka, watoto wakaoshwa uso, ng'ombe akatokea, wimbo wa Lopur ukaanza. Ghala, paa, bomba. Ng'ombe akajifanya amesahau, akainamia majani. Halafu ghafla, bila kutuangalia, bila kujishusha, yuko juu ya kigoda kinaondoka naye.

Hakuna aliyecheka. Wimbo ulikatika katikati.

"Ng'ombe iko wapi?" mwanamke mmoja akauliza.

"Imeruka."

"Haijaruka. Imepotea."

Pale ndipo nilipojua nimewachezea watu gani. Hao walikuwa watu ambao mnyama akipotea hawalali, na kila mmoja ni mfuata nyayo. Walianza kumpeleleza kama ng'ombe wa kweli, nusu kwa mzaha na nusu si mzaha. "Nani aliona yeye mwisho?" "Mimi niliona. Alikuwa anakula majani, pale." "Aliangalia sisi?" "Hapana, leo hakuangalia." "Basi imepotelea hapo, katikati ya majani na kiti. Bwana Sinema, rudisha nyuma!" Baba akarudisha. Wote wakakaza macho. Majani, kigoda. "Umeona? Hapo! Nyayo imeisha hapo!"

Mfugaji wa Lopur akainuka. Alichukua kigoda chake, akakiweka chini mbele ya kitambaa, ndani ya mwanga, akainua mikono juu ikawa pembe. Akainama akala majani. Akakipa kigoda mgongo. Kivuli chake kilijaa kitambaa chote, na mikwaruzo ikamnyeshea. Kisha akageuza kichwa akatuangalia, jicho moja kubwa, na kuanza kujishusha, polepole, polepole, huku magoti yakilia, mpaka akaketi. Kakuma nzima ikapasuka. Wanawake waliangukiana. Nami nilicheka, nikajisahau kabisa, nikageuka kumwangalia baba.

Baba hakuwa anaangalia kitambaa. Alikuwa ananiangalia mimi.

Yule mfugaji alipookota kigoda chake alipita karibu na mashine. Alikuwa bado anatabasamu. "Bwana Sinema," akasema, "ng'ombe yangu sasa imekufa mara mbili." Baba akamwambia pole.

Asubuhi baba alikunywa chai yake akiwa ameegemea Landrova, kisha akasema, "Lete kopo, mama." Nikalileta. Alichuchumaa akatandaza leso mchangani, akatoa kipande kimoja kimoja, akakiinua kwenye jua, akakiweka chini. "Kainuk hii," akasema. "Hii Longech." Alikumbuka vyote. Hakuna alichokosea. Alipomaliza cha mwisho alitikisa kopo, likawa tupu, na mimi nimesimama mbele yake na kipande kinanigusa mguu kila upepo ukivuma. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Zangu zilikuwa zimetimia, na nilichohitaji ni kuinama tu, kung'oa uzi na kumpa. Gundi ilikuwepo, mkasi ulikuwepo, projekta ilikuwepo. Ingerudi mahali pake kabla chai haijapoa.

Sikuinama. Alivirudisha vipande vyote ndani, akafunga kifuniko, akanipa. "Sawa," akasema. Hakuniuliza, na mimi nilimkasirikia kwa kutoniuliza. Bado namkasirikia kidogo.

Alikuwa mtu wa kuandika ukweli. Kwenye ripoti ya mwezi aliandika kwamba filamu ile ina upungufu, na ndivyo ofisi ilivyojua kwamba tuna filamu isiyo kwenye orodha. Ikatakiwa irudishwe Nairobi pamoja na nyingine mbovu. Hakuna aliyeiona tena, si Lodwar, si Kakuma, si popote ninapojua. Niliyasikia hayo kwenye barua yake, mstari mmoja, kati ya hali ya mto na salamu za jirani. Wakamletea katuni mpya, ya rangi na kelele nyingi. Nilikwenda likizo nikamwona akiionyesha. Watu walicheka. Yeye alisimama na mkono kwenye mashine, akingoja iishe.

Bwenini nilijaribu kila njia. Nilivuta kipande haraka mbele ya jicho, nikakizungusha kwenye penseli, nikaazima tochi. Ng'ombe hakusogea. Walikuwa ng'ombe wengi waliosimama, kila mmoja peke yake. Na kicheko, ambacho ndicho nilichokwenda kukihifadhi, nilikisahau muhula wa pili. Nilibaki nikijua tu kwamba kilianza puani, kama mtu anavyojua tarehe za historia.

Juzi juzi kijana mmoja alikuja kwangu. Anakusanya katuni za zamani, zile za kwanza kwanza, na alisikia baba alikuwa mwenye sinema. Aliniambia zinatafutwa kila mahali, hata vipande, kwa sababu waliozichora walichora kila picha kwa mkono na nyingi zimeoza au zimechomwa. Alizieleza vizuri, ile miguu ya kamba, vitu visivyo na roho vinavyopata roho, nikaona macho yake yanang'aa kama yetu na makopo yetu. Nikampa chai. Akaniuliza kama nina chochote. Nikamwambia sina. Alipoondoka nilijisikia vibaya, kwa maana yeye hakunikosea lolote, lakini mtu akishaua kitu kwa kukipenda hataki kuona mwenzake anaingia njia hiyohiyo na mkoba.

Kwa maana kipande kile bado ninacho. Kimekuwa cha kahawia, kimejikunja, vitundu vya pembeni vimepasuka. Siku moja nilikaribia kukirudisha. Baba alikuwa amepewa uhamisho kurudi kwetu, mimi nina miaka kumi na mitano, nimekwenda Lodwar kumsaidia kufunga mizigo. Nyumba ilikuwa tupu, masanduku mawili sakafuni. Nilitoa kile kipande ndani ya daftari nikakiweka kiganjani mwake. Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima kutoka Kitale, na nikasema moja tu. "Nisamehe."

Hakushangaa. Alikwenda dirishani akakiinua kwenye mwanga, akaanza kukipitisha polepole kati ya vidole, picha moja baada ya nyingine, midomo ikicheza kidogo kama mtu anayesoma. Niliona mabega yake. Niliyaangalia mabega kama nilivyokuwa nikiyaangalia Kakuma. Ng'ombe akageuza kichwa, ng'ombe akatuangalia, makalio yakashuka, yakakikaribia kigoda. Kipande kikaisha. Vidole vyake viliendelea kidogo hewani, pale ambapo filamu ingeendelea.

"Umekata mapema," akasema. "Hapa bado hajaketi."

Akakikunja vizuri, akanirudishia, akainama kufunga sanduku. Mimi nikabaki nimesimama pale, nikingoja acheke.